Kukata kidoa: hiyo pesa inakwenda wapi khasa

Bei ya kukata kidoa cheusi cha ngozi haiko moja, na ukimuona mtu anakutajia bei kabla hata hajakiangalia basi jua huyo anauza. Nasema hivi mana tangu nikatwe changu cha shingoni kwenye simu yangu hapana swali jengine, shoga umetoa ngapi, da hebu nielekeze na miye, mwengine ananitumia picha ya shavu lake saa sita za usiku hata salamu hamna. Kujibu mmoja mmoja siwezi tena, nnaandika hapa anaetaka asome.

Changu kilikuwa chini ya sikio, pale pale inapokaa pini ya ushungi. Cheusi, kimenyanyuka kama punje ya pilipili manga, kama nlizaliwa nacho au kilikuja baadae mama mwenyewe hakumbuki. Miaka yote hatukugombana. Kilichonitoa nyumbani ni kwamba kikawa kinakwaruzwa na pini kinatoka damu, kinakauka, jioni nikivua ushungi kigaga kinabanduka na kitambaa tunaanza upya. Sasa kidoa kikishaanza kutoka damu utaambiwa mengi. Mama mkubwa kutoka Wete alinambia kwenye simu nisikiguse kabisa ndo nyota yangu ile, jirani akanambia nikifunge unywele wa mkia wa farasi kitaanguka wenyewe (huyo farasi nimtoe wapi Jang'ombe hapa Unguja), na kuna mtu mzima kabisa ana akili zake akanshauri maji ya betri. Wallahi maji ya betri. Ile ni asidi ya salfa jamani, haichagui kidoa na ngozi nzima, na nnamjua mtu alopaka mafuta ya ganda la korosho akabaki na kovu kubwa mara tatu ya kile alichokuwa anakimbia.

Haya tuje kwenye pesa.

Nlianza kwa simu, nkiuliza swali moja tu, kuondoa kidoa ni shilingi ngapi. Saluni moja inayojiita pia kliniki ya urembo wakanambia 40,000, dakika tano dada unaondoka zako. Pahala pengine 150,000. Pengine 250,000 na kumuona daktari mbali 30,000. Nikasema hawa wa mwisho wezi. Mpaka nlipokwenda kukaa mbele ya daktari wa ngozi nikamuuliza mwenyewe kwanini, akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba zile si bei tatu za kitu kimoja, ni vitu vitatu. Wa elfu arubaini anakichoma kwa umeme, kinakuwa majivu, basi. Wa laki na nusu anakata na kushona, na alichokikata anakitupa kwenye ndoo. Wa laki mbili na nusu anakata, anashona, na kile kinyama kinakwenda kupimwa.

Na hapo ndo penye jambo lote ninalotaka kusema leo, kichupa kinachotiwa hicho kinyama kikapimwe.

Nikiwa nimelala kitandani uso umegeuzwa ukutani nlisikia tu mkasi, maumivu hamna mana ganzi ilishashika (sindano ya ganzi yenyewe inawaka moto kidogo mwanzoni, uongo dhambi, lakini ni sekunde chache). Nesi akaja na kichupa kidogo cha plastiki kina maji meupe, ile harufu kali unayoisikia kwenye maabara ya skuli, fomalini. Daktari akakidumbukiza. Kitu chenyewe kidogo mpaka nikaona haya, hichi ndo kilichonikosesha usingizi. Nesi akaandika jina langu, umri, tarehe, "shingo, chini ya sikio la kushoto", akanisomea nithibitishe. Hapo nikadhani mambo yamekwisha kumbe kazi ya ghali ndo inaanza. Kile kinyama kinakaa kwenye fomalini kisioze, kinakaushwa maji, kinamwagiwa nta ya moto mpaka kinakuwa kipande kigumu, halafu kuna mashine inakikata vipande vyembamba sana, ukiigawa milimita moja mara elfu basi ni sehemu nne au tano tu hivi, vinabandikwa juu ya kioo, vinatiwa rangi ya zambarau na pinki, ndo daktari bingwa wa mambo hayo anakaa na darubini anaangalia seli moja moja kama zimetulia au zina lao. Sasa hapo utasema pesa ya kipimo ni nyingi? Mie niliacha kunung'unika. Changu kilipanda boti kwenda Dar bila ya mimi, na majibu yakaja yamesema salama.

Kwahiyo swali la kwanza ukimpigia mtu simu si "ngapi". Uliza kinyama kitapelekwa kupimwa au hakipelekwi, na bei hiyo ni pamoja na kipimo au mbali. Akijibaraguza, kata simu.

Nnajua kuna watakaosema vidoa vingi si chochote, kwanini nitoe pesa yote hiyo. Kweli, vingi si chochote. Ni seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zimejikusanya pamoja, watu wazima wengi wanavyo kadhaa na wala havijawafanya kitu. Tena kwa sisi weusi vidogo vidogo vile vinavyojaa mashavuni na kuzunguka macho, mama yangu anavyo tele na mama yake alikuwa navyo, vile hata si vidoa vya aina hii ninayosema, ni vya kurithi, vinaongezeka na umri na havina ubaya wowote. Yule muigizaji wa Marekani Morgan Freeman uso wake umejaa na hajamuomba mtu amtoe. Mama nilimpeleka akaangaliwe pamoja na mimi, daktari akavitazama na ile darubini ndogo ya mkononi yenye taa akamwambia bibi wewe nenda kanywe chai. Hivyo ukitaka vitoke kwa uzuri tu vinachomwa kidogo kidogo na umeme na hapo kipimo cha nyama kwa kawaida hakina haja, ila ujue ngozi yetu ikiunguzwa inaweza kubaki na alama nyeupe au nyeusi zaidi, kwahiyo muulize alieko mbele yako ameshawafanyia weusi wangapi.

Kinachotakiwa kukupeleka kwa daktari haraka ni kidoa kinachobadilika. Kilikuwa duara sasa upande mmoja umejivuta, mipaka imechanikachanika, rangi imekuwa mbili tatu, kimepita milimita 6 kwa upana yaani sawa na kichwa cha kifutio cha penseli, au kinawasha, kinatoka damu bila kuguswa. Na hili la pili watu wa kwetu hawaambiwi kabisa: saratani ya vidoa, melanoma, kwa watu weusi ni nadra lakini ikija inapenda kukaa pale ambapo hatuangalii, chini ya nyayo, kiganjani, chini ya ukucha. Bob Marley ndo iliyomuua. Ilikuwa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ikagundulika 1977, Mei 1981 akafariki ana miaka 36 tu. Sasa fikiria mtu wa shamba anatembea peku, ana doa jeusi kwenye unyayo mwaka wa pili anasema nilikanyaga kitu. Hebu leo usiku kabla ya kulala geuza nyayo zako uzitazame, na za bibi yako pia.

Ndugu zetu wenye ualbino wao ni habari nyengine, jua kwao ni adui wa kila siku na kidonda chochote kisichopona kisisubiri. Kule spitali ya KCMC Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 na ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua khasa kwa ajili yao.

Njia za kutoa, nieleze nilivyoelezwa. Kidoa kilichonyanyuka na hakina wasiwasi kinaweza kuparuliwa kwa wembe wa daktari kikawa sawa na ngozi, hapana nyuzi, kidonda kinapona kama mchubuko, ila mizizi imebaki chini kwahiyo siku moja kinaweza kuchomoza tena. Kukata chote na kushona ndo njia ya uhakika na ndo nliyofanyiwa mie, na kikiwa kinatiliwa shaka hapana mjadala ni hiyo. Kugandisha kwa nitrojeni, ile baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hiyo inafaa sana kwa chunjua, vidoa si kazi yake. Leza wanaitangaza sana siku hizi kwenye Instagram, picha ya kabla na picha ya baada, muziki nyuma, lakini leza na umeme zote zina kasoro ile ile, zikishapita hapana kitu kilichobaki cha kutia kwenye kichupa. Ikija kuwa kilikuwa kibaya umeshakifuta juu na chini kinaendelea.

Na zile krimu za kuondoa vidoa na vinyama zinazouzwa mtandaoni, unapaka siku tatu kinadondoka, achana nazo. Marekani kwenyewe mamlaka yao ya dawa FDA mwaka 2022 iliwaandikia onyo wauzaji akiwemo Amazon, na ikasema wazi hapana hata dawa moja ya kujinunulia ya kutoa vidoa waloiidhinisha. Zinaunguza ngozi tu.

Gharama ambayo haimo kwenye risiti yoyote ni kovu. Sisi ngozi yetu inapenda kuota keloidi, lile kovu linalovimba likapita mipaka ya kidonda, na sehemu zake ni kifua, mabega, masikio, taya. Daktari kabla hajashika kisu aliniuliza nimetoga wapi, akayaangalia masikio yangu yote mawili na kovu la chanjo begani. Dada yangu mdogo alitoga sikio mara ya pili likaota kitu ukubwa wa kunazi, sasa anachomwa sindano za triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu, kila baada ya wiki kadhaa na kila sindano ina bei yake, imeshapita bei ya hereni zote alizowahi kuvaa. Kwahiyo kama kwenu mna keloidi sema mapema, na kama kidoa kiko kifuani na hakikusumbui, mie binafsi ningekiacha.

Binamu yangu anaekaa London aliniuliza akija likizo aje akatwe huku mana kule NHS, yaani matibabu ya serikali yao, wamemkatalia, wao kidoa cha urembo hawakitoi, wanatoa chenye shaka ya maradhi, na binafsi ni paundi mia kadhaa. Nikamwambia njoo lakini usikatwe siku mbili kabla ya kuondoka. Nyuzi za usoni zinatolewa baada ya siku 5 mpaka 7, za mgongoni na miguuni mpaka siku 14, na katika siku hizo habari ya kuogelea Nungwi sahau, kidonda hakitaki maji ya bahari wala jua.

Suala la dini nalo limeulizwa sana. Nilimuuliza ustadhi wetu kabla sijenda, akanambia kinachokudhuru au unachokihofia maradhi kukitoa ni tiba, nenda. Wanaotaka kwa urembo tu wakaulize wenyewe, mie sitoi fatwa.

Wenye bima waulize kabla si baada, mana mifuko ya bima kwa kawaida inalipa ugonjwa hailipi urembo, na karatasi ya daktari inayosema kidoa kinatoka damu au kimebadilika ndo inayogeuza hesabu. Serikalini pesa inayokutoka ni kidogo sana ukilinganisha na binafsi, unacholipa zaidi ni kusubiri, na kama kidoa chako hakina dalili hizo nlizotaja subira haina hasara. Kikiwa na dalili sema pale pale dirishani na kwa daktari wa kwanza utakaemuona, usione haya, sema kinabadilika, sema tangu lini, na kama una picha ya zamani ya harusi inayoonekana kidoa kilivyokuwa chukua, daktari wangu aliniambia ile picha ilimsaidia kuliko maelezo yangu yote.

Watu wa Pemba, kabla hujakata tiketi ya boti pita kwanza spitali ya Abdalla Mzee Mkoani au iliyo karibu nawe ukaangaliwe na uandikiwe barua. Ukishakuwa na barua piga simu huku uulize daktari wa ngozi anakaa siku gani, na uwaulize pia nyuzi zinaweza kutolewa huko huko kwenu, mana zinaweza, nesi yeyote anazitoa na hulazimiki kuvuka bahari mara ya pili kwa ajili ya nyuzi tatu.