Kitunga cha maharage: hatimaye yameiva bila kuwasha mara ya pili

Yameiva! Maharage yale yale ya manjano yaliyokaa ghalani mpaka yakawa mawe, leo yametoka kwenye kitunga laini hadi ganda, na mbabula, jiko langu la makaa, nilikuwa nimeizima tangu asubuhi. Kwa bei ya makala (makaa) hapa Goma, hiyo si habari ndogo.

Kitunga chenyewe mnakijua, kikapu cha kutunza joto ili chakula kimalizie kuiva bila moto: majani makavu ya mgomba, blanketi, sufuria katikati, mto juu. Taabu yangu ilikuwa moja tu. Jioni nikifunua, nje yameiva, katikati yanakatika kama chaki. Basi nawasha tena, na faida yote inaishia hapo.

Nilianza kushuku umri wa maharage. Nikanunua mapya: nafuu kidogo, lakini chaki ileile. Nyanya haikuwa na hatia, kwa sababu huwa naitia mwisho. Ukali wake hufanya ganda likaze. Nikaongeza blanketi la pili. Wapi! Nikaanza kulaumu mwinuko. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Sufuria yangu inaingia kitungani ikiwa tayari imepungukiwa joto kuliko ya mtu wa Dar es Salaam. Ni kweli, lakini mlima siwezi kuuhamisha.

Kilichofungua fumbo ni sufuria yenyewe. Nilikuwa napika nusu sufuria, chakula cha siku moja. Chakula kidogo kinabeba joto kidogo, na ile nafasi tupu juu inalinyonya. Leo nimeijaza hadi karibu na mfuniko, na si kwa maharage, fedha iko wapi? Nimeijaza karoti na kabichi za Kibumba, kaskazini ya Goma, biringanya mbili zilizoanza kusinyaa, kitunguu na seleri. Mboga za kuuziwa jioni, mama wa soko anapotaka kurudi nyumbani, zinashuka bei kweli. Joto limekaa. Wakati wa kupakua mvuke ulikuwa bado unanichoma mkono, na kabichi ambayo watoto huitenga pembeni ya sahani imeyeyukia kwenye mchuzi, hakuna aliyeiona.

Jambo moja sipunguzi hata makala yakiwa yamebaki vumbi: maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemke kwa nguvu kabla ya kuingia kitungani. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayohitaji walau dakika 10 za kuchemka kwelikweli; uvuguvugu hauiondoi. Mimi natoa 20, kwa sababu ya huu mwinuko wetu. Na chungu kikitoka cha vuguvugu tu badala ya moto, kichemshwe tena kabla ya mtu kula.

Jirani ananicheka, ana sufuria ya presha. Sibishani naye: ile inapandisha joto hadi karibu nyuzi 120, mlima hauna la kusema. Ila mpira wake ukichoka unazunguka soko zima kutafuta wa saizi ile, na wakati huo sufuria imegeuka pambo. Mimi nabaki na sufuria yangu nzito ya alumini ya kusubu. Zile nyembamba zinazong'aa zinaunguza chini na kupoa upesi. Za chai, sawa.

Wiki hii ilikuwa zamu ya sombe, yaani majani ya muhogo. Ile inataka kutwangwa vizuri na kuchemka mfuniko wazi kwanza, sumu yake itoke na mvuke, ndipo kitunga. Nimeiahirisha, kwa sababu watoto wanadai blanketi lao usiku na fundi seremala wa jirani ana gunia la maranda anayotaka kutupa. Nataka kushona mto mnene wa maranda uzunguke sufuria yote. Mliokwisha kujaribu, yanashika unyevu wa mvuke? Mnayaanika kila siku, au mnayafunga kwanza kwenye plastiki?