Meya Aliyekwenda Kuapa

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nawaalika tutazame picha. Ilichorwa na Canaletto, mwenyeji wa Venice aliyehamia London mwaka 1746. Inaonyesha mto Thames siku ya sherehe ya Meya mpya wa jiji, na leo imo Prague katika hazina ya sanaa ya ukoo wa Lobkowicz.

Mto umejaa vyombo: mashua kubwa zilizonakshiwa kwa dhahabu, bendera zinapepea, na vijimashua vimejipenyeza katikati. Nyuma yake, minara ya makanisa imesimama juu ya mapaa, na juu ya minara yote kuna kuba la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Moto wa 1666 uliliteketeza lile la zamani pamoja na makanisa 87 ya mitaa, basi minara mingi unayoiona ilijengwa juu ya majivu. Msalaba wa kuba uko mita 111 hivi kutoka ardhini. Hakuna bendera ya mtoni inayoukaribia.

Wengi wangeishia hapo, na si vibaya. Mimi nimevutwa zaidi na safari yenyewe. Mwaka 1215 Mfalme John aliwapa watu wa London haki ya kujichagulia meya kila mwaka, kwa sharti kwamba meya huyo afike mbele ya mfalme na kuapa utii. Ndiyo maana kila mwaka waliingia mtoni kuelekea Westminster. Shangwe yote ile, dhahabu yote ile, ilikuwa ya kumsindikiza mtu anayekwenda kujiweka chini ya mwingine!

Canaletto alitoka kwenye sherehe ya namna nyingine. Kwao Venice, Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana ilipofika, mtawala alitoka kwa mashua ya dhahabu na kutupa pete majini, ishara kwamba bahari ni miliki yake. Kwa macho, sherehe hizi mbili ni ndugu. Lakini huyu anakwenda kudai, na yule anakwenda kuapa. Warumi 13:1 inasema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, na naamini kiongozi anayelijua hilo hupokea vigelegele kwa moyo tofauti kabisa.

Isaya naye aliona mji wenye mito mipana, ila katika mito hiyo hapiti chombo cha makasia wala merikebu ya fahari (33:21). Mstari unaofuata unaeleza sababu: BWANA mwenyewe ndiye mwamuzi, mtoa sheria na mfalme. Hakuna wa kusindikizwa kwenda kuapa mbali, kwa kuwa Mfalme yupo mjini humo humo, katikati ya watu wake.

Wiki hii tusome Isaya 33:17-24 taratibu, kisha tuwaombee kwa majina wale walioapishwa kutuongoza, tukianza na viongozi wa kanisa letu.