Saa mbili ndani ya USS Iowa

Jana nilimpeleka mjomba San Pedro, bandarini Los Angeles, tukaitembelea manowari USS Iowa. Mimi niliifahamu kwa jambo moja: Septemba 2015 Donald Trump, akiwa bado mgombea urais, alihutubia kwenye sitaha yake, akiahidi jeshi kubwa lenye nguvu. Rais Reagan naye ndiye aliyeirudisha kazini, mwaka 1984. Ukiisogelea unaelewa kwa nini wahafidhina wanaipenda. Mizinga 9, milimita 406 kila mmoja! Mlango wa chumba cha usukani ni chuma cha unene wa sentimita 44 hivi. Niliuwekea kiganja, baridi tupu. Kuna na hodhi ya kuogea aliyowekewa Rais Roosevelt alipovushwa Atlantiki 1943 akielekea mkutano wa Tehran na Churchill na Stalin (na yeye alikuwa wa chama kile kingine, Democratic, si Republican cha Trump na Reagan).

Ila mnara wa mizinga namba 2 ulinikata maneno. Aprili 19, 1989, wakiwa mazoezini, ulilipuka wakafa mabaharia 47. Wamarekani hawa nawaomba, mkiisifu meli hii jukwaani, watajeni na vijana hao. Mjomba alivua kofia, akasimama pale mpaka watu wote wa nyuma yetu wakatupita.