Nguzo nne na jiwe moja

Jumamosi nilianza kibanda cha stoo nyuma ya nyumba, hapa Nyegezi. Mita 3 kwa 4. Kwa macho, vigingi vilikaa sawa kabisa. Nikapima kona kwa kona: huku mita 4.94, kule 5.06. Macho ya nani hayo! Nikasogeza vigingi viwili vya nyuma, kidogo kidogo, mpaka kote ikasoma 5.

Usawa nilipima kwa mpira wa maji, ule unaoonyesha ndani. Mara ya kwanza ukanidanganya; kumbe kulikuwa na povu katikati.

Shimo la tatu, sentimita 30 tu, nga! Jiwe. Mwanza hii. Nguzo hiyo nimeikata fupi, nikaisimamisha juu ya jiwe kwa zege, kichwa kikigusa kamba niliyoifunga kwa usawa ule wa maji.