Pole Niliyoitoa Bergheim

Oktoba 2012 nilikuwa mwanafunzi Strasbourg, mashariki ya Ufaransa, na fedha zangu za kujikimu zilikuwa zimechelewa. Mwenzangu wa darasani akaniambia kuna mzee anatafuta wavunaji wa zabibu Bergheim, kijiji kilicho chini ya milima ya Vosges. Nikakubali kabla sijauliza malipo. Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Zabibu nimezivuna tangu sijaanza darasa la kwanza.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala bondeni na vidole vilikuwa vinauma kwa baridi. Mzee mwenye shamba, wa miaka sabini hivi, alitugawia mikasi na ndoo, akasema leo tunavuna zabibu ya mvinyo mweupe, Gewurztraminer. Nikaingia kwenye mstari wangu, nikafunua majani, nikakuta kichala cha rangi ya waridi. Kilikuwa kidogo, punje zimebanana, na kikonyo kifupi hata ncha ya mkasi ilipata taabu kupita. Kwetu nyeupe ni nyeupe, kama Chenin Blanc, na Makutupora ni nyeusi inayotoa mvinyo mwekundu. Hii ya katikati sikuwahi kuiona. Nikamwita mzee, nikidhani nimepewa mstari usio wangu.

Hakunicheka. Alichuma punje moja akaiminya mbele ya macho yangu, na maji yaliyotiririka kwenye kidole chake hayakuwa na wekundu wowote. Rangi yote ilikuwa imebaki kwenye ganda. Akachuma nyingine, akanipa nile.

Ganda lilikuwa gumu kidogo, lenye uchungu kwa mbali, na ndani utamu mtupu. Kisha harufu ikapanda puani: marashi ya waridi, yale wanayonyunyiziwa wageni harusini, na nyuma yake shokishoki. Nilimeza mate. Shangazi yangu aliolewa Unguja, na likizo mbili za utotoni nilizimalizia barazani kwake tukimenya shokishoki hadi vidole vinanata. Wafaransa huitaja harufu hiyo kuwa ni ya lichi, tunda lililo ndugu wa shokishoki. Miaka ya baadaye nilisoma kwamba waridi, lichi na zabibu hii vina kiini kimoja cha harufu, oksidi ya waridi. Siku ile sikuwa na habari ya kemia. Nilijua tu kwamba nimesimama kwenye mteremko wa Ulaya na nanusa nyumba ya shangazi.

Jina la zabibu ile mzee alinifundisha kulitamka wakati wa kunywa kahawa. Gewürz kwa Kijerumani ni viungo, na Traminer ni ya Tramin, kijiji cha kaskazini mwa Italia wanakozungumza Kijerumani. Alsace yenyewe, eneo lenye Strasbourg na Bergheim, ilipokezanwa kati ya Ufaransa na Ujerumani mara nne tangu 1871 hadi 1945, kwa hiyo jina la Kijerumani limekaa kwenye chupa ya Kifaransa, ila vile vitone viwili juu ya u Wafaransa wameviacha.

Mchana nilitumwa juu ya mteremko kuchukua ndoo zilizosahaulika. Huko nikaona mistari miwili ambayo hakuna aliyeigusa. Majani yamegeuka manjano, punje zimesinyaa na kukunjamana kama ngozi ya kiwiko cha mzee, nyingine zina ukungu wa kijivu. Moyo ukanilipuka.

Niliijua picha ile. Nikiwa kidato cha tatu, mnunuzi aliyezoea kuchukua zabibu zetu hakuja. Baba alimngoja wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliuza debe moja moja barabarani kwa bei ya kutupa, na nyingine zikakauka mtini ekari nzima. Jioni alikuwa anatembea kati ya mistari, mikono nyuma, hasemi. Ada yangu ya muhula ule ililipwa kwa mbuzi.

Nikashuka, nikamkuta mzee anaosha matenga. Kifaransa hakina neno lenye uzito wa pole, kwa hiyo nikamwambia nasikitika sana kwa hasara ya kule juu. Nikamwambia na baba yangu yalimpata.

Alizima maji. Alinitazama kwanza bila kuelewa, halafu akaelewa, akanishika bega na kunipandisha tena mlimani. Zile, akasema, ameziacha kwa makusudi. Maji yanapungua ndani ya punje, sukari na harufu vinabaki vimekolea, na ukungu ule, hali ya hewa ikiwa njema, unasaidia kukausha. Huvunwa mwisho kabisa, na sheria ya 1984 inataka ziwe na sukari ya kiwango maalumu kutoka mtini, bila kuongezwa hata kijiko. Mvua kubwa ikinyesha kabla, zote zimekwenda. Chupa moja ya mvinyo wake huuzwa ghali kuliko ule wa kawaida. Kisha akaniuliza habari za baba: ana ekari ngapi, udongo gani. Nilipomwambia Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kupogoa tu, kwa kuwa mizabibu yetu haina majira ya baridi ya kulala, alinirudishia swali lile lile mara mbili kuhakikisha amesikia sawa.

Usiku nikampigia baba. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za huko. Nikamsimulia yote: ganda la waridi, harufu ya shangazi, na ile mistari miwili iliyoachwa isinyae ili ipande bei. Simu ikakaa kimya muda mrefu hata nikadhani salio limekwisha.

"Wanaziacha wenyewe?" akauliza.

"Wenyewe, baba."

"Na mnunuzi yupo?"

"Yupo. Anazingojea."

Akakohoa kidogo. Nikasikia anavuta kiti, na aliporudi sauti ilikuwa ile ya shambani, ya asubuhi, ya miaka ambayo mnunuzi alikuja.

"Sasa niambie, ndege wanawafanyaje?"

Nikaanza kumweleza kuhusu neti.