Kumbe sio kiu, ni wadudu

Jamani nyasi zangu za uani zimenitesa joto hili. Zilianza kukauka mabaka mabaka pale jua linapochoma sana, mi nikajua ni kiu tu nikawa namwaga maji kila jioni wiki mbili nzima na mabaka yanazidi kutanuka. Siku moja nikashika nyasi nikavuta kidogo tu, zikanyanyuka kama zulia, hazina mizizi! Chini yake funza weupe wanene, kichwa cha kahawia, wamejikunja kabisa. Hao ni watoto wa mbawakawa, wanatafuna mizizi, na kwa joto kali nyasi isiyo na mizizi haidumu, inakufa.

Kabla hujamwaga sumu hovyo chimba kwanza uone, maana kuna wengine wadogo weusi wanafyonza majani na hao wanapenda jua na ukavu. Chukua kopo lisilo na kitako, lizamishe kwenye udongo pembeni ya baka, jaza maji, subiri kama dakika 10, hao weusi wakiwepo wataelea.

Mi sasa nakata nyasi juu juu, naziacha na urefu wa sentimita 7 hivi, zifunike udongo usiungue, namwagilia alfajiri, maji mengi ila mara chache. Funza nimewawekea nematodi, wale minyoo wadogo wasioonekana kwa macho wanaoua funza, unawamwaga jioni udongo ukiwa umelowa maana jua linawaua hao minyoo. Nimeshavuta tena leo asubuhi, upande mmoja nyasi zimeanza kushika, nimefurahi sana aisee