Simu inajuaje kuwa imegeuzwa?

Wapendwa, leo fundi mmoja pale Luthuli Avenue, Nairobi, amenionyesha, kupitia lenzi ya kukuzia, chipu ya jairoskopu ya simu, yaani kihisi cha mzunguko: kidude cheusi, upana wa milimita 3 hivi. Ndani yake mna kipande cha silikoni kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Ukizungusha simu, kipande hicho kinasukumwa kando, na chipu inapima msukumo huo. Ndiyo ile nguvu aliyoieleza Mfaransa Coriolis mwaka 1835! Lakini jairoskopu peke yake hupotoka polepole, makosa madogo yakizidi kujumlishana. Kwa hiyo kihisi kingine husoma mvutano wa dunia kujua chini ni wapi, na dira huonyesha kaskazini. Nimeshangaa kweli. Hata droni hutulia hewani kwa msaada wa kidude kama hiki.